Samaki kapu (carp) wa majira ya baridi Uingereza: kwa nini hawali, na la kufanya kabla jua halijazama

Mwezi Desemba, kusini mwa Uingereza, jua huzama karibu saa kumi jioni. Mchana mzima una urefu wa saa nane hivi tu. Mvuvi anayekwenda bwawani asubuhi na kurudi nyumbani jioni ana muda mfupi sana wa kugundua kosa lake na kulirekebisha, na wengi wetu huupoteza muda huo kwa kubadilisha chambo kila baada ya dakika ishirini.

Malalamiko ninayoyasikia kutoka kwa Waswahili wenzangu walioanza kuvua kapu huku ni yale yale kila mwaka. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, na ile ya nadra iko mwisho. Anza na ya kwanza, na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, maana samaki akila hutajua ni lipi lililomfanya ale.

Kabla ya yote, hakikisha una leseni. England na Wales, kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea lazima awe na leseni ya fimbo ya kuvulia. Walio kati ya 13 na 16 huipata bure, lakini ni lazima waiombe. Ukikamatwa huna, faini yaweza kufika pauni 2,500. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya bwawa: tiketi ya siku hununuliwa kwa mwenye bwawa au klabu. Na kapu hurudishwa majini. Kuondoka naye bila ruhusa ya mwenye bwawa ni wizi, hata kama nyumbani nazi imeshakunwa.

Siku nzima, hakuna hata mguso

Hili ndilo lalamiko kuu, na jibu lake la kwanza si chambo. Jibu la kwanza ni kwamba pale ulipokaa hakuna samaki.

Joto la mwili wa kapu hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi, tumbo lake husaga chakula polepole, hula kidogo na hutembea kidogo. Wakati wa kiangazi huzunguka bwawa zima na mwishowe atapita mbele yako. Januari hapiti. Kapu wengi hujikusanya sehemu moja na wanaweza kukaa hapo siku kadhaa, huku robo tatu ya bwawa ikiwa tupu. Ukitega kwenye robo tatu hizo, hakuna chambo duniani kitakachokusaidia.

Kwa hiyo usishushe mizigo mahali pa kwanza palipo karibu na gari. Uache kwenye gari, chukua miwani ya kukata mng'ao, uzunguke bwawa polepole. Tazama samaki anayechomoza mgongo au kuruka. Mara nyingi hufanya hivyo mara moja tu asubuhi kisha kimya. Tazama mapovu madogo yanayopanda kwa mfululizo, na maji yaliyochafuka mahali pamoja wakati kwingine ni meupe. Pembe iliyokingwa na upepo lakini inayopata jua la mchana, matete yaliyokauka, na miti inayoinamia maji huwa na samaki mara nyingi. Kisha mwulize msimamizi wa bwawa samaki walitoka wapi wiki hii. Wengi hujibu vizuri ukiuliza kwa adabu.

Ukishazunguka na hukuona kitu, tafuta kwa fimbo. Tega chambo kimoja tu, bila kumwaga chochote pembeni yake. Kiache dakika thelathini hadi arubaini na tano, kisha kirushe sehemu nyingine, na nyingine tena, ukiligawa eneo lako kutoka ukingoni hadi katikati. Ukipata mguso mmoja, hata kama hukumnasa, fimbo ya pili nayo ipeleke karibu na hapo. Kila mara nikiona mtu amepata kapu wawili Januari, mara nyingi wametoka sehemu ileile.

Utaambiwa uende kwenye kina. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, ndiyo maana ziwa lenye kina na lililotulia huganda juu huku chini yakibaki na nyuzi kama 4. Lakini mabwawa mengi ya klabu yana mita moja au mbili tu, upepo huyakoroga, na chini hakuna joto zaidi ya juu. Kwenye machimbo ya zamani ya changarawe yaliyojaa maji, kama yale ya bonde la Colne magharibi mwa London au ya Cotswold Water Park, kina kipo, lakini hata huko kapu mara nyingi huning'inia katikati ya maji na hawagusi chini. Dawa yake ni uzi mrefu wa ndoano wenye kipande cha sponji kinachoelea, ukianzia nusu ya kina na kupandisha au kushusha sentimita thelathini kila mara. Uliza kwanza kama bwawa linaruhusu mtego huo, kwa sababu mengine yameukataza.

Sababu ya pili ni kumwaga chakula kingi. Mkono uliozoea Julai humwaga Januari kama Julai. Kapu mmoja akila vitonge vitano vya chambo huenda ameshiba kwa siku, na wewe umemwaga kilo. Punje kumi na tano za mahindi matamu ya kopo, au kiganja kimoja cha mabuu, zinatosha kuanzia. Usiongeze mpaka umempata samaki. Kumbuka pia kwamba chakula kikishazama hakitolewi.

Sababu ya tatu: chini ni pabaya. Majani ya vuli yamelala na kuoza. Rusha chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) tupu bila ndoano, livute polepole, uhisi kwa ncha ya fimbo. Changarawe hugongagonga. Tope hung'ang'ania kisha huachia. Majani huja yakiburuzwa kwa uzito laini, na ukitoa utayaona yenyewe. Nusa chubwi lako: likinuka yai viza, chini yake kuna uozo usio na hewa na kapu hali hapo. Songa mita chache. Mara nyingi mita tatu zinatosha kukutoa kwenye uozo na kukuweka kwenye udongo safi.

Ya nne ni hali ya hewa, na hapa hakuna cha kurekebisha zaidi ya kuchagua siku. Siku mbaya ni ile ya kwanza ya baridi kali baada ya wiki ya uvuguvugu, na ile theluji inapoyeyuka na kuingia bwawani. Baridi iliyokaa siku tano bila kubadilika ni afadhali kuliko mabadiliko ya ghafla, kwa sababu kapu huizoea. Siku ya kutamani ni yenye mawingu, upepo wa kusini-magharibi, na usiku uliotangulia usio na jalidi. Kama una uhuru wa kuchagua kati ya Jumamosi na Jumanne, tazama utabiri kabla ya kutazama kalenda.

Ndipo tufike kwenye chambo. Vitonge vya unga wa samaki vyenye mafuta mengi hufanya kazi vizuri maji yakiwa ya moto. Kwenye baridi mafuta huwa mazito na harufu haisambai. Tumia vyenye mafuta kidogo, vya maziwa au vya mbegu, vidogo vya milimita 10 au 12, vya rangi kali kama waridi, njano au nyeupe, na ndoano namba 8 au 10. Mabuu nayo hayashindwi kirahisi, kwa sababu yanachezacheza hata kwenye maji baridi. Ukitumia mfuko wa PVA (plastiki inayoyeyuka majini), jua kwamba huyeyuka polepole zaidi maji yakiwa baridi. Ujaribu kwanza pembeni ya ukingo, miguuni pako, uone unachukua muda gani.

Jirani anapata, mimi sipati

Kwanza tazama saa. Kwenye baridi kila bwawa lina dirisha lake la kula, pengine saa moja tu kwa siku nzima, na linaweza kurudi karibu na wakati uleule kesho yake. Kama wewe ulikuwa unafunga ndoano upya au umekwenda kununua chai, dirisha limefunguka na kufungwa bila wewe. Andika kwenye daftari: saa, joto la maji, upepo, mahali. Baada ya majira moja utaanza kuona mpangilio, na hutagusa fimbo zako wakati huo ukifika.

Pili, maji meupe. Mwani hufa kwenye baridi na bwawa lililokuwa kijani Agosti linaonyesha hadi chini. Mshipi mnene uliokazwa kama waya kutoka fimboni hadi kwenye chubwi huonekana na kuguswa. Ulegeze kidogo ulale chini. Mshipi wa florokaboni huzama wenyewe na hauonekani sana. Wa kusokotwa umekatazwa kwenye mabwawa mengi.

Tatu, kelele. Udongo ulioganda hupeleka kishindo cha buti na nyundo ya vigingi moja kwa moja majini. Hili hudharauliwa sana, hasa na wanaovua karibu na ukingo.

Kengele inalia mara moja kisha kimya

Kengele ni kile kifaa cha fimboni kinacholia mshipi ukivutwa. Usitarajie mshipi kukimbia. Kapu mwenye baridi huchukua chambo, anakaa palepale, anatikisa kichwa. Mlio mmoja au miwili na kining'inio (kile kizito kidogo kinachoning'inia kwenye mshipi) kupanda sentimita mbili huenda ndiyo dalili yote utakayoipata. Hata hivyo, si kila mlio ni kapu.

Kama mshipi unatetemeka kwa milio mingi midogo, huenda ni samaki wadogo kama rochi wanaodonoa mabuu. Weka chambo kigumu au kikubwa kidogo uone kama milio itakoma. Kama milio inaendana na upepo au mkondo, na mshipi unarudi na majani, ni takataka: zamisha ncha ya fimbo chini ya maji. Kama unaona bata wanaozamia juu ya chambo chako, umejua. Kama si hayo, na kining'inio kinapanda kisha kushuka, huenda samaki wanagusa mshipi wakipita. Hiyo ni habari njema sana. Maana yake wapo, lakini wako karibu zaidi ya chambo chako. Vuta fimbo moja mita kumi karibu.

Kikipanda na kubaki juu, inua fimbo. Weka kining'inio chepesi, na kabla ya kurusha, pima ncha ya ndoano juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bila kung'ang'ania, itupe. Kapu wa kiangazi hujinasa kwa mwendo wake. Huyu hatakusaidia kwa lolote.

Na usiziache fimbo ukaenda kupiga gumzo kwa jirani. Fimbo iliyo majini bila mtu wa kuidhibiti ni kosa kisheria, na kwenye baridi ndiyo njia ya hakika ya kuukosa mguso wenyewe.

Ananasa, kisha anachomoka

Breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) ndiyo ya kulaumiwa kwanza. Grisi hukaza kwenye baridi, na breki uliyoipima nyumbani sebuleni siyo ile uliyonayo ukingoni. Ivute kwa mkono kila saa. Mshipi utoke kwa ulaini, bila kushtuka.

Baada ya breki, tazama ndoano zisizo na kibanzi (kile kijino cha nyuma ya ncha), ambazo mabwawa mengi huzilazimisha. Hizo zinataka mshipi uliokazwa wakati wote. Ukiulegeza sekunde moja samaki akija kwako, imetoka. Tembea nyuma, au zungusha rili haraka, lakini usiinue fimbo kwa nguvu.

Ukikuta mshipi umekatika kwenye fundo, basi ulilifunga likiwa kavu au kwa vidole vilivyokufa ganzi. Funga mitego yako nyumbani jioni, jaza kisanduku, na ukingoni uwe unabadilisha tu. Nadra zaidi, chambo ni kikubwa kuliko ndoano na kinaziba ncha.

Neno kuhusu machubwi: tangu 1987 machubwi ya madini ya risasi yenye uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35 yamepigwa marufuku kwa sababu yaliwaua bata-maji kwa sumu. Makubwa ya kapu yanaruhusiwa, lakini yafunge kwa namna ambayo mshipi ukikatika yataachia, samaki asibaki akiyaburuza.

Vifaa vimeganda

Barafu kwenye pete za fimbo: zamisha ncha majini sekunde chache, itayeyuka. Usiivunje kwa kucha wala kwa kugonga, pete zina kauri ndani na hupasuka. Mafuta ya mgando yakipakwa asubuhi kidogo sana huchelewesha tatizo. Rili iliyokwama usiilazimishe kuzunguka. Iweke ndani ya koti mpaka ilegee. Wavu wa kuopolea uuzamishe majini mara kwa mara, kwa sababu wavu ulioganda haufunguki samaki akishafika.

Hapa pana la kufanya usimame kabisa. Fimbo ya kaboni hupitisha umeme. Ukiona nyaya za umeme juu au bango la hatari, usivue ndani ya mita 30 kutoka kwenye nyaya hizo, na usipite chini yake ukiwa umesimamisha fimbo. Mshipi ukinasa kwenye waya, usiuguse wala usiuvute. Kaa mbali, zuia wengine, piga simu namba 105, ya dharura za umeme.

Kapu ametoka, lakini hali yake si nzuri

Hewa iliyo chini ya sifuri huumiza macho na mashavu ya samaki mwenye maji. Mwache ndani ya wavu, majini, mpaka kila kitu kiko tayari: mkeka, ndoo ya maji ya bwawa, koleo, kamera. Mkeka uliopigwa jalidi ni mkavu na unakwangua ute wake. Umwagie maji ya bwawa kwanza. Picha moja, ukiwa umepiga magoti, samaki akiwa juu ya mkeka na si juu ya kifua chako, kisha arudi. Kama ni baridi kali mno, mfungue ndoano ndani ya wavu, usimtoe kabisa.

Akilala ubavu, mshike wima ndani ya maji mpaka asukume mwenyewe mkia. Usimsukume na kumrudisha nyuma. Maji yapite kwenye matamvua yake kutoka mbele tu.

Kidole chako nacho kikipata ndoano isiyo na kibanzi, kwa kawaida itatoka kwa njia iliyoingilia, osha, funga. Yenye kibanzi ikizama, usiing'oe: kata mshipi, nenda kituo cha majeraha madogo, au piga 111, simu ya ushauri wa afya, uulize. Ikiwa karibu na jicho, usiiguse, nenda hospitali kwenye idara ya dharura mara moja. Na kama baada ya siku kadhaa unapata homa, kichwa na maumivu ya misuli, mwambie daktari kwamba ulikuwa bwawani. Mkojo wa panya kwenye maji huleta ugonjwa wa Weil, na daktari asiyeambiwa atadhani ni mafua tu.

Wewe mwenyewe ndiye mwenye tatizo

Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu na kizunguzungu ndani ya hema au chini ya mwavuli uliofungwa pande zote: toka nje sasa hivi, usisubiri umalize chai. Huenda ni gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa lazima tuambiane hili bila kuoneana haya: mkaa unaoonekana umezimika bado unaua. Jiko la gesi, mkaa, chochote chenye moto, kiwe nje. Aliyepoteza fahamu, mtoe hewani na upige 999, namba ya dharura.

Kutetemeka ni kawaida. Kutetemeka kusikoisha, maneno kutotamkika vizuri, kufanya mambo bila mpangilio, ni mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Badilisha nguo zilizolowa, vaa kavu, funika kichwa, kunywa kitu cha moto na chenye sukari, usinywe pombe wala usimsugue mtu mikono na miguu. Akiacha kutetemeka na huku hajapata joto, ni hatari kubwa zaidi: 999.

Barafu juu ya bwawa usiikanyage, hata kama chambo chako kimebaki upande wa pili. Usiivunje ili uvue, samaki walio chini yake wanahitaji utulivu. Ukitumbukia, usipigane na maji: lala chali, elea, pumua mpaka mshtuko wa baridi upite, kisha ndipo uite na kujaribu kutoka. Mwenzako akitumbukia, usimfuate. Piga 999 uombe kikosi cha zimamoto, mwambie aelee, na ukiwa umelala kifudifudi kwenye nchi kavu mnyooshee fimbo, tawi au kamba.

Na ukiona samaki wengi wamekufa au wanahema juu ya maji, toa fimbo zako. Mjulishe mwenye bwawa, kisha, ukiwa England, piga Environment Agency (idara ya serikali ya mazingira), 0800 80 70 60, saa yoyote ya mchana au usiku. Wavu na mkeka uliovitumia huko vioshe na kuvikausha kabisa kabla ya kwenda bwawa jingine.